Siku Risala Yangu Ilipoitikiwa Amin

Jambo hili nililikwepa muda mrefu. Wenzangu wakilitaja nilikuwa nikijifanya nainama kufunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa kandambili, lakini leo nitalisimulia mwenyewe mpaka mwisho, maana kila anayelisimulia hutia chumvi yake, na mwaka ule wa somo la Kiingereza ulikuwa na mambo mengi mazuri ambayo sitaki yafunikwe yote na kicheko.

Aibu yenyewe, kwa ufupi, ni hii: nilisimama mbele ya wazazi wa skuli nzima, mbele ya sheha na mgeni rasmi, nikatoa risala kwa Kiingereza, na wazee wakainua mikono wakaniitikia "Amin." Tena si mara moja.

Sasa tulieni niwaeleze ilivyokuwa, pole pole, kwa sababu ukiisikia hivi hivi utadhani wazee wale ndio waliokosea, na wao hawakukosea hata kidogo.

Mimi naitwa Raya. Nasoma sekondari huku kusini mwa Pemba, na naishi na bibi yangu, Bi Time, aliyenilea tangu sijui kujifunga kanga. Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu. Mpaka kufika hapo, Kiingereza kwetu kilikuwa somo la kunakili: mwalimu anajaza ubao, sisi tunajaza madaftari, kengele inalia, tunakwenda zetu, na ukimuuliza mtu ameandika nini anakuonyesha tu mwandiko wake ulivyo mzuri. (Wangu ulikuwa mzuri sana. Nilikuwa nikipiga mistari kwa kalamu nyekundu.)

Mwanzoni mwa mwaka akaja Mwalimu Zuwena, mwenyeji wa Msuka, kule mwisho kabisa wa kaskazini, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo ambayo mtu alilazimika kunyamaza ndipo aisikie. Siku ya kwanza hakugusa chaki. Alitaka kila mmoja wetu ataje, kwa Kiingereza, jambo moja lililotokea nyumbani kwao jana, dogo lolote, ilimradi liwe la kweli na liwe lake mwenyewe. Darasa likanyamaza ungedhani tumeambiwa mmoja wetu kaiba. Mwishowe akasimama rafiki yangu Salama, akaeleza kwa Kiingereza kilichovunjika kila mahali kwamba mbuzi wao kaingia ndani akala mtandio wa mama yake, na mama yake akalia, kisha akacheka. Sisi tukacheka mpaka madawati yakatikisika. Mwalimu Zuwena akangoja tumalize.

"Mmemwelewa?"

"Tumemwelewa, Mwalimu."

"Nani kala mtandio?"

"Mbuzi!"

"Basi kazungumza Kiingereza. Mengine tutayarekebisha. Kaa, Salama, na mama yako mpe pole."

Huo ndio ukawa mtindo wetu mwaka mzima. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, watu wachache wanasimama na habari za kwao: fulani kapata mdogo, fulani kaumwa na nyuki, fulani hajalala kwa sababu baba yake anakohoa. Mwalimu anauliza maswali, unajibu, unakosea, anakurudishia maneno yako yakiwa yamenyooshwa, unayasema tena. Mimi nilizoea kumsimulia Bibi. Siku moja nilieleza anavyochambua karafuu, anavyozitenga na vikonyo vyake bila hata kutazama mikono yake, na neno la vikonyo sikuwa nalo, nikaonyesha kwa vidole. Mwalimu Zuwena akaniuliza Bibi anajuaje kuwa karafuu zimekauka sawasawa, nikamjibu kwamba huivunja moja karibu na sikio lake akaisikiliza. Akasema, "Raya, hiyo mimi nilikuwa siijui." Nilirudi nyumbani siku hiyo kama niliyevishwa taji.

Lakini wazazi walianza kulalamika, na tuseme haki, walikuwa na sababu. Wao walizoea kupima masomo kwa daftari. Mzazi anafungua daftari la Kiingereza anakuta kurasa tupu, anamuuliza mtoto leo mmefanya nini, mtoto anajibu tumezungumza. Baba mmoja alikuja mpaka ofisini, sauti yake tukaisikia darasani: "Huyu ntoto miye namleta skuli kusoma. Mazungumzo hata barazani kwangu yapo!"

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Mbele yetu kulikuwa na kidato cha nne na mtihani wake, na yeye ndiye angeulizwa. Akatoa uamuzi ambao Mwalimu Zuwena alituambia waziwazi bila kuficha kitu: siku ya wazazi, mwanafunzi mmoja atatoa risala kwa Kiingereza, bila karatasi. Wazazi na mgeni rasmi wakiona kweli watoto wanazungumza, Mwalimu Zuwena ataendelea na sisi mpaka kidato cha nne. Wasipoona, tutarudishiwa mwalimu wa kunakili, na yeye atashushwa kidato cha kwanza.

"Nimemchagua Raya," alisema. Kisha akanigeukia. "Eleza ulichojifunza mwaka huu, kwa maneno yako. Ukikosea, usisimame, endelea. Mimi nitakuwa pale pale."

Nikaandika risala yangu. Ilikuwa fupi. Ilianza na mbuzi wa kina Salama, ikapita kwenye karafuu za Bibi, ikamalizia kwa kusema kwamba zamani nilidhani Kiingereza ni cha kuzungumzia mambo ya watu wengine, na mwaka huu nimekitumia kuizungumzia nyumba yetu. Ndiyo hiyo. Laiti ningeishia hapo, leo nisingekuwa na mkasa wa kusimulia.

Nikafanya jambo dogo tu: nikamtumia ujumbe binamu yangu Faki, anayesoma chuo kikuu Unguja, nikamuuliza kama ana mfano wa risala nzuri, nione tu inavyopangwa. Akanitumia moja kwenye simu ya mjomba niliyokuwa nimeiazima, na ujumbe juu yake: "Hii ilitolewa mbele ya wakubwa watupu, watu walisimama kupiga makofi. Wee badilisha jina la skuli tu." Nikaisoma. Ilikuwa ndefu, maneno yake mazito, yamejipanga kama makochi ya nyumba ya tajiri, mengine hata sikuthubutu kuyakalia. Nikairudia yangu, nikaiona kama mtu aliyekwenda harusini na nguo za shamba. Mgeni rasmi ametoka mbali, nikawaza, nimsimulie mbuzi? Nikaikunja yangu nikaiweka kwenye msahafu wa Bibi, nikaanza kuihifadhi ya Faki.

Na hapa ndipo pa kueleza vizuri. Sisi watoto wa huku, kabla ya skuli tunaanza chuo cha Kurani, na chuoni tunahifadhi kwa sauti, kwa lahani, yaani mahadhi ya kisomo, mwili ukiyumba mbele na nyuma, maneno yakishikana mikono mpaka mwisho. Ukikatizwa katikati hushiki ulipoachia, unarudi mwanzo. Mimi chuoni nilisifiwa kwa hifdhi, na njia ile ni bora kwa kazi yake, sina neno nayo. Lakini nilipokabiliwa na kurasa za Kiingereza cha mtu mwingine, sikuwa na njia nyingine ya kuziingiza kichwani isipokuwa hiyo. Basi nikawa nakaa barazani nayumba, na bila kukusudia kila sentensi ikapata mvuto wake mwishoni, sauti ikapanda, ikazunguka, ikashuka. Bibi alikuwa pembeni yangu na ungo wake wa karafuu. Nilipomaliza kipande kimoja kirefu nikavuta pumzi, naye akasema taratibu, bila kuinua uso, "Amin."

Nikacheka. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na haraka ya kipande kinachofuata.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai limefungwa uwanjani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, meza ya mbele ina kitambaa na maua ya plastiki, kipaza sauti kinapiga mluzi kila kikiguswa. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa elimu, mtu mzima mpole, mwenye kanzu na koti. Bibi, kwa kuwa mjukuu wake ndiye msomaji, alipewa kiti cha mbele, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwenye uwanja wa skuli. Alivaa buibui la sikukuu. Nilipokwenda kumwamkia akamgeukia jirani yetu Bi Asha.

"Huyu mke mwenzangu leo atasema Kizungu mbele ya wanaume wote hawa. Miye nimekuja kuona kama hatoanguka."

"Haanguki," akasema Bi Asha. "Damu yako hiyo."

"Ndiyo nikaogopa," akasema Bibi, wakacheka wote wawili.

Nikaitwa. Mwalimu Zuwena alisimama kwenye nguzo ya turubai, nilipopita akaniambia kwa sauti yake ile ndogo, "Kama asubuhi darasani. Hivyo hivyo tu." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikia.

Sentensi za mwanzo zilitoka vizuri, kwa sauti ya kawaida, nikaona hata mgeni rasmi anatabasamu. Kisha nikatazama watu, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na mwili ukafanya unachojua kufanya ukiogopa kusahau. Ukaanza kuyumba. Lahani ikaja yenyewe. Nilijisikia nikivuta mwisho wa sentensi, ikapanda, ikazunguka, ikashuka, nikapumzika kupata pumzi.

Bibi akainua mikono. "Amiin."

Bi Asha akamwona Bibi, naye akainua. Safu nzima ya akina mama ikafuata, maana nani atakaa na mikono mapajani wenzake wanaomba? Sentensi ya pili, Amin ikavuka kwenda upande wa wanaume. Sheha akaweka chupa yake ya maji chini akainua. Mgeni rasmi, ambaye peke yake pale mbele alikuwa akielewa kila neno nililolisema, akatazama kulia, akatazama kushoto, akafikiri kidogo, naye akainua mikono yake taratibu mpaka usawa wa kifua.

Mtaniuliza kwa nini sikunyamaza. Ndugu zangu, nilitaka kunyamaza! Lakini nilijua nikiachia neno moja tu yote yamekwenda, kwa hiyo nikazidi kushikilia, na kadiri nilivyoshikilia ndivyo lahani ilivyozidi kuwa nzuri, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo Amin zilivyozidi kuwa za kutoka moyoni. Kule kwa wanafunzi, Salama alikuwa ameuzika uso wote kwenye mtandio, mabega yanamtikisika. Mwalimu Zuwena hakucheka. Alikuwa anatazama chini.

Nikafika penye shukrani. Nikamshukuru mgeni rasmi, kwa niaba ya wanafunzi wote, kwa jengo jipya la maabara.

Skuli yetu haina maabara. Majaribio ya kemia tunayafanya darasani kwa ndoo. Na msidhani neno hilo sikulijua kwa Kiingereza, nalijua vizuri kabisa, lakini siku zote zile nilizokuwa nikihifadhi nilikuwa nasikiliza sauti tu, maana yake sikuisikiliza hata mara moja.

Mgeni rasmi akashusha mikono. Akainama kwenye kipaza sauti chake akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole wa mzazi: samahani, mwanangu, ni maabara ipi?

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko Amin zote. Swali lile nililielewa. Lilikuwa jepesi kuliko maswali ya Mwalimu Zuwena ya kila asubuhi. Ningejibu tu kwamba hatuna maabara, nimekosea, niruhusu nieleze kwa maneno yangu, na yote hayo nilikuwa na uwezo wa kuyasema, mwaka mzima nilikuwa nikifundishwa hilo na si jingine. Lakini nilikuwa nimekatizwa katikati, na mwili wangu unajua jambo moja tu la kufanya ukikatizwa katikati.

Nikarudi mwanzo. "Mheshimiwa mgeni rasmi," kwa Kiingereza, kwa lahani.

Wazee, kuona dua imeanza upya, wakainua mikono tena. Wanafunzi wakashindwa kabisa kujizuia, kicheko kikalipuka nyuma, machozi yakaanza kunitoka, sauti ikakatika, na mzee mmoja wa safu ya mbele, Mungu amlipe, akadhani mtoto kazidiwa na khushuu, ule unyenyekevu wa kuomba. Akaamua kunisaidia kumaliza. Akasema kwa sauti kubwa, "Al-Fatiha!"

Uwanja mzima ukaisoma, kama inavyosomwa kufunga dua. Watu wakapangusa nyuso. Risala yangu ikawa imekwisha, na hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu baada ya Fatiha watu hawapigi makofi.

Mgeni rasmi alipopewa nafasi hakunidhihaki. Alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba amefurahi kuona skuli hii ina watoto wenye hifdhi nzuri. Wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu mkuu akamtazama Mwalimu Zuwena, na Mwalimu Zuwena akaitazama nguzo.

Tukarudi nyumbani. Bibi akavua buibui, akakaa na ungo wake.

"Kwani weye ulikuwa watuombea n'ni pale?"

"Haikuwa dua, Bibi. Ilikuwa risala."

"Haya. Na hiyo risala ilisema n'ni?"

Nilimwambia inashukuru. Akauliza inashukuru n'ni, nikasema maabara, akauliza maabara ndiyo n'ni, nikamweleza, akauliza iko wapi, nikasema haiko. Akauliza na kingine. Nikatafuta kingine. Kurasa zote zile nilizokuwa nazo kichwani, sikupata hata sentensi moja ya kumpa bibi yangu kwa Kiswahili.

Bibi akachambua kidogo. "Basi miye nimeitikia jambo lisilokuwapo," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu kilichopotea. Kisha akaongeza, "Ningekuuliza siku ile hapa barazani. Na weye ungeniambia."

Nikaenda kwenye msahafu wake nikatoa ile karatasi yangu niliyoikunja, nikamsomea. Kwa Kiingereza kwanza, sentensi moja moja, kisha kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye karafuu inayovunjwa karibu na sikio akaacha kuchambua.

"Hayo nayo huandikwa kwa Kizungu?"

"Ndiyo, Bibi. Kuna mwalimu alitaka kuyajua."

Hakuinua mikono. Alinyoosha mmoja tu, akanishika kichwani. "Ungeyasema haya, mwanangu."

Skuli ilipofunguliwa tena, tangazo lilikuwa ubaoni: Mwalimu Zuwena kidato cha kwanza. Nilimfuata kwenye mlango wa ofisi ya walimu nikamwomba radhi kwa Kiingereza, chote changu, chenye makosa kila mahali, na kila nilipokosea niliendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia aniambie si kitu. Hakusema hivyo, na namshukuru, kwa sababu lilikuwa kitu. Alirudia sentensi yangu moja ikiwa imenyooka, akangoja, nikaisema tena. Kisha akashika vitabu vyake akaenda kwenye darasa lake jipya.

Sasa tuko kidato cha nne, na tunanakili. Lakini asubuhi, kabla ya kengele na kabla mwalimu hajaingia, mmoja wetu husimama na habari ya kwao. Siku ya kwanza ya mwaka hakuna aliyetaka kuanza, wote walikuwa wakinitazama, nikajua wanangoja nini. Nikasimama nikawasimulia, kwa Kiingereza, mkasa huu wote, tangu simu ya mjomba mpaka Fatiha. Walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha Salama akauliza swali, nami nikajibu.

Kwa hiyo nawe mdogo wangu unayesoma hapa na umepangiwa kusimama mbele za watu, usiione ndogo karatasi yako yenye mbuzi. Mimi nadhiri yangu nimekwisha kuiweka: sitasimama tena popote na maneno ambayo sijamweleza Bibi kwanza, pale barazani, mpaka ayaelewe. Siku nyingine akiinua mikono kwa ajili yangu, nataka ajue anaitikia nini.